Jina Lililokosekana kwenye Daftari la Wagonjwa

Hilda aliamka kabla ya jogoo, kama alivyofanya kwa wiki tatu mfululizo. Alikoka moto, akapika uji wa uwele, akaenda bombani na ndoo, akarudi, akamkanda mama yake mguu kwa maji ya moto. Ndipo alipokumbuka kwamba yeye ni mwanafunzi wa darasa la sita, na kengele ya shule haimngoji mtu. Mwili wote ulikuwa umelegea. Mtoto wa miaka kumi na miwili kuchoka namna ile, jamani, si jambo la kuzoea.

Mama yake, Ruthu, aliteleza shambani akiwa amebeba kreti la zabibu, na mguu ukavimba. Mganga wa zahanati alisema apelekwe hospitali mjini Dodoma akapigwe picha, wala wasichelewe. Baba alikubali. Baba alikuwa mtu wa kukubali. Mwinjilisti Bartolomayo, Hombolo nzima ilimjua: kukiwa na mgonjwa, yupo, kukiwa na msiba, baiskeli yake imefika kabla ya turubai.

"Jumatatu tutakwenda, mama Hilda," alisema.

Jumatatu kukatokea msiba. Jumatatu ya pili, semina ya wainjilisti. Ya tatu akaitwa kusuluhisha ndoa ya watu.

"Baba, mguu wa mama unazidi," Hilda alimwambia.

"Kazi ya Mungu haina likizo, mwanangu. Vumilia."

Hilda akavumilia. Njiani, kila aliyemuuliza, "Nyumbani hawajambo?" alimjibu, "Hawajambo," maana ndivyo alivyolelewa: nyumba ya mwinjilisti hailalamiki. Ulikuwa uongo, naye alijua.

Jumapili ibadani, baba alisimama na daftari la wagonjwa. Kanisani kwao, mgonjwa akitajwa, waumini hugawana zamu: huyu maji, yule kuni, mwingine kumsindikiza hospitali. Asiyetajwa haendewi, kwa kuwa watu hudhani ameshapona. Baba alisoma. Mzee Abeli, kifua. Mama Gladness, homa. Mtoto wa Petro, sikio. Hata sikio lilikuwa na nafasi yake. Hilda alihesabu majina saba, akangoja la nane. Baba akafunga daftari.

"Kama hakuna mwingine, tuombe."

Hilda hakuwa amepanga kusimama. Alijikuta tu amesimama kwenye benchi la watoto.

"Baba, hujamtaja mama."

Kanisa zima likageuka.

"Hilda, keti," baba alisema kwa sauti ya chini.

"Shikamooni wazee. Naomba mnisamehe," Hilda aliendelea. "Nimekuwa nikiwaambia nyumbani hatujambo. Si kweli. Mama hawezi kukanyaga, hii wiki ya tatu. Na mimi nimechoka." Akaanza kulia.

Baba alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Mtoto amesema kweli," alisema. "Niliona aibu kuiandika nyumba yangu. Nilidhani kiongozi ni wa kubeba wengine tu." Akafungua daftari mbele ya watu wote, akaandika: Ruthu, mguu.

Kesho yake Luka, mzee wa kanisa, alishika zamu ya kutembelea wagonjwa, na baba akampeleka mkewe Dodoma. Picha ilionyesha mfupa umepata ufa. Daktari alisema wangezidi kuchelewa, mama angebaki kilema. Mguu ukafungwa plasta.

Waliporudi jioni, walimkuta Bibi Loisi, kiongozi wa kina mama, akisonga ugali jikoni kwao.

"Mwinjilisti," alisema bila kugeuka, "ukichunga mbuzi wa kijiji kizima, na wako wakaliwa na fisi zizini, nani atakukabidhi tena fimbo?"

Baba alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeshikwa. Akaketi karibu na Hilda aliyekuwa mkekani na daftari lake la hesabu.

"Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Nilikufundisha kuvumilia, kumbe nilikufundisha kuficha. Wewe umesema kweli, ukatuokoa. Anayewahudumia watu aanze na walio ndani ya mlango wake, na akielemewa, aseme."

Usingizi ulikuwa umemchukua Hilda, penseli mkononi. Baba alimfunika kwa kanga ya mama, akachukua ndoo, akaenda bombani.