Wa Saba Getini

Kwa miaka kumi na tisa mwalimu wa nidhamu hakuwahi kumfungulia geti mwanafunzi aliyechelewa, ndiyo maana shule nzima ilimwita Kufuli. Wazazi wakija kuwaombea watoto wao, aliwajibu kwa methali ile ile: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Asubuhi moja ya ukungu, kengele imeshalia, akachungulia kwenye nondo za geti akaona wachelewaji sita. Mmoja wao alikuwa binti yake mwenyewe, wa kidato cha tatu. Moyo ukamlainika. Ili asionekane anapendelea, akafungua geti lote na kusema, "Haya, mlio nje, ingieni wote."

Walioingia walikuwa saba. Huyo wa saba alipita upesi nyuma ya wenzake, sweta limelowa chepechepe, na mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi uliopita. Kufuli akajiambia kwamba macho yake yameanza kuzeeka.

Wiki ile darasa la kidato cha tatu likaanza kunuka tope. Madirisha yakafunguliwa, sakafu ikapigwa deki, harufu haikuondoka. Deski la nyuma, lisilo na mtu, lilikwaruza sakafu kila mwalimu alipogeukia ubao. Na binti yake Kufuli akaanza kukonda, sare inamning'inia, sauti imefifia.

"Baba," alinong'ona ofisini, "kuna mtu anakaa nyuma yangu. Ananipumulia kisogoni. Kila siku ananiuliza kwetu ni wapi."

"Umemwambia?"

"Jana nilichoka. Nikamwambia."

Kufuli akakimbilia jikoni kwa mpishi wa shule. Huyo akamletea dada yake, mganga, mama mfupi asiyependa maneno mengi.

"Jini hilo umelikaribisha wewe," mganga alisema. "Lililoingia kwa mdomo wako litatoka kwa mdomo wako. Wale watoto sita wabaki makwao siku ya kulitoa. Na likikusemesha, usiliitikie."

Siku ilipofika, saa nne, jua kali, Kufuli alisimama getini. "Mlioingia kwa sauti yangu," alisema, "tokeni wote."

Kisha deski likakwaruza, na nyayo zilizolowa zikasikika kwenye korido, zikashuka ngazi, zikapita kati ya wanafunzi waliopangwa uwanjani wakiwa wamefumba macho kama walivyoagizwa, hadi Kufuli, ambaye hakuweza kufumba yake, akamwona binti yake, yule yule aliyemwacha nyumbani kitandani amejifunika blanketi, akija na begi mgongoni, maji yakimchuruzika vidoleni, akamkaribia mpaka harufu ya tope ikamjaa puani, akasema, "Shikamoo, baba."

Kufuli akaung'ata ulimi. Jini likapita. Akafunga geti, akatia kufuli, akalia kwa furaha mbele ya shule nzima. Kisha akampigia mkewe simu.

"Limekwisha, mama watoto!"

"Alhamdulillahi! Hata mwanao ameamka, ameomba chai. Ngoja kidogo, kuna mtu anapiga hodi."

Simu ikawekwa mezani. Kufuli akasikia mlango ukilia.

"Aa, ni wewe, mwanangu? Kumbe ulitoka nje? Ingia, ingia. Mbona umelowa hivyo?"

Kufuli alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kule nyumbani hakuna aliyemsikia. Kutoka chumbani, mbali na simu, sauti dhaifu ya binti yake iliita:

"Mama, unaongea na nani?"