Vichwa vya Bi Chaki

Harufu ilianza Jumatatu. Ilikuwa ya mdomo wa mtu aliyelala na njaa, tena mwenye jino bovu, na ilitoka kwenye rafu ya vichwa.

Bi Chaki hakujali. Mfinyanzi aliyemuuzia udongo alimwambia udongo ukichacha ndipo unapolainika. Alifundisha miaka thelathini na nne huku akiitamani kazi hii ya kufinyanga, na alipostaafu tu, stoo ikajaa vichwa ishirini vya udongo vya wanafunzi wake wa zamani, kila kimoja na namba shingoni.

"Umeacha chaki, umehamia matope," mumewe, fundi viatu, alimtania mlangoni huku amebana pua. "Na darasa lako linanuka, mama."

"Hawajaoga, baba. Ngoja niwaite."

Mazoea ya ualimu. Akasimama mbele ya rafu, akaita mahudhurio huku akicheka: namba moja, namba mbili. Alipofika kumi na saba, sauti yenye makohozi ikajibu, "Nipo, mwalimu."

"Nani huyo?" fundi viatu alinong'ona.

Midomo ya namba kumi na saba ilikuwa imeachana, na ndani kulikuwa na ulimi ambao Bi Chaki hakuufinyanga, ulimi wa kijivu ulioota vinyweleo, na pembeni ute ulivutika mpaka kwenye ubao, ukatoa mapovu, na ndani ya ute funza wadogo wakajinyonganyonga, mmoja akadondoka karibu na kidole cha mguu wa fundi viatu, naye akakimbilia uani kutapika.

Mganga aliitwa mchana huohuo. Alikataa kuingia stoo, akaziba pua kwa mkono wa kanzu.

"Umemwita, ameitika," alisema kwa sauti ya chini. "Kivunje kichwa hicho kwa mkono wako. Ukikibakisha, jini litatafuta mwili humu ndani."

"Nivunje mwenyewe?"

"Wewe. Usimtume mtu."

Bi Chaki akaingia na nyundo, akafunga mlango. Akavitazama vile vingine: viazi vyenye masikio. Lakini namba kumi na saba alikuwa mtu. Ngozi ilikuwa na vitundu vya jasho, kope zimelowa, na shavu limejaa vizuri kiasi kwamba hata yeye hakuamini mikono yake ndiyo iliyofanya vile.

"Umekuwa fundi sasa," kikamwambia, na pumzi yake ya uvundo ikamgonga usoni. "Nani atakuamini ukinivunja?"

Bi Chaki akakifunika kwa gunia, akapiga kichwa namba tano badala yake mpaka kikawa vipande.

"Kimekwisha?" mumewe aliuliza alipotoka na ndoo ya vipande.

"Kimekwisha, baba."

Mganga akaibeba ndoo, akaenda zake.

Asubuhi stoo haikunuka kabisa. Fundi viatu alikuwa amekaa kitandani, hajavaa shati, uso unang'aa kwa unyevu.

"Mama, hebu nishike hapa. Naona uso mzito."

Bi Chaki akamgusa shavu. Lilikuwa baridi. Kidole kikazama mpaka kwenye kiungo cha kwanza, na alipokitoa, shimo likabaki palepale, likavuja maji ya kijivu yaliyotiririka mpaka kidevuni. Mumewe akamkodolea macho.

Bi Chaki akalitazama lile shimo kwa muda. Lilikaa vibaya. Akalowesha dole gumba kwa mate, akaanza kulisawazisha.

"Tulia, baba," alisema. "Usitingishike."