Koti la Kabatini

Mwigizaji alisahau.

Alikuwa amejikunyata ndani ya kabati katikati ya jukwaa, kabati lililotolewa ubao wa mbele ili ukumbi wote umwone mtoto aliyefungiwa gizani. Mdomo ulifunguka, neno halikutoka. Watazamaji wakadhani ni sehemu ya kitisho, wakabana pumzi.

Nyuma ya pazia, Bwana Giza alikauka. Ndilo jina alilopewa na wasomaji wake, kijana mwandishi wa riwaya za kutisha na tamthilia za kunyima watu usingizi, na alilivaa kama kofia ya sherehe. Alimtazama mchumba wake aliyekaa kwenye kiti pembeni, hapo hapo nyuma ya pazia, tochi ndogo mkononi. Kazi ya binti huyo ilikuwa kuwakumbusha waigizaji maneno wanayoyasahau. Kundi zima lilimwita Mnong'onezi.

Ila ukurasa huu hakuwa nao. Bwana Giza aliuongeza asubuhi ile ile, akampa mwigizaji peke yake. Mnong'onezi alipouliza kama kuna mabadiliko, alijibiwa, "Madogo tu, mpenzi. Usijisumbue."

Sasa alikuwa anageuza karatasi zake, anarudi nyuma, anageuza tena. Kisha akamtazama yule aliyejikunyata kabatini. Akamtazama sana. Mkono wenye tochi ukashuka taratibu hadi magotini, akanong'ona bila kusoma popote:

"Nalinusa koti la mama kidogo kidogo, nisije nikaimaliza harufu yake."

Mwigizaji akayadaka maneno, akayatoa kwa kilio. Ukumbi mzima ukalia naye.

Bwana Giza alichungulia kwenye mwanya wa pazia. Safu ya mbele alikaa mama yake Mnong'onezi, mkono juu ya mkono wa mdogo wake wa tumbo moja. Huyo mama mdogo ndiye aliyemlea binti miaka ile mama alipokuwa kazini mbali. Mama alisikia habari ya koti, akaganda. Halafu akauondoa mkono wake polepole, kama mtu aliyegusa jiko asijue limewaka.

Makofi yalipotulia, kiti cha Mnong'onezi kilikuwa kitupu. Juu yake, tochi na pete.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa Mnong'onezi ulikuwa mfupi: "Yale nilikuambia wewe. Sikuyaambia watu."

Akajibu mbio: "Umeona walivyolia? Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile."

Aliutuma kabla hajausoma. Alipousoma, masikio yalimwaka moto.

Alipiga, simu haikupokelewa. Akapiga tena. Ya tatu ikaingia kwake, na haikuwa ya mchumba.

"Mwanangu," mama yake Mnong'onezi alisema, "yule mtoto wa kabatini ni nani?"

"Mama, ile ni hadithi tu."

"Koti lile nililivua mwilini mwangu nikamwachia. Nakuuliza tena."

Bwana Giza akaegemea ukuta.

"Ni yeye, mama."

Mama akasema: "Njoo kesho asubuhi. Na usije na maua, hapa hakuna mgonjwa."

Asubuhi alikuta sebule imefagiwa. Kiti cha mama mdogo kimeegemezwa ukutani, viatu vyake havipo mlangoni. Mnong'onezi alikuwa dirishani, amempa mgongo.

"Kaa," mama alisema. "Ulijua tangu lini kwamba mdogo wangu alikuwa akimfungia?"

"Tangu tulipochumbiana. Nilimuuliza kwa nini halali bila taa."

"Kwa hiyo umekaa mezani pangu, umekula na mdogo wangu, umemwita mama mdogo, umecheka naye. Huku unajua."

"Ndiyo, mama."

"Ulikuwa unafikiri nini ukimwangalia?"

Angeweza kudanganya. Kudanganya ndiyo kazi iliyomlisha. Lakini binti aligeuka, na macho yale hayakuwa ya kudanganywa mara mbili.

"Nilikuwa naangalia mikono yake," alisema, sauti imemshuka. "Nione inavyofunga mlango. Nipate kuiandika."

Mama aliinuka, akachukua kikombe chake, akaingia ndani. Afadhali angemtukana.

"Jamani," Mnong'onezi alisema, akicheka bila furaha. "Mimi nilidhani unamchukia kwa niaba yangu. Kumbe ulikuwa unampima kama fundi anayepima suruali."

"Nisamehe."

"Miaka yote nilimficha mama nisije nikamgombanisha na mdogo wake. Jana amelia, ananiomba msamaha mimi. Mimi, mwanawe. Unajua inavyokuwa mama yako akikupigia magoti?"

"Kama ningejua..."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo maana hukuniuliza."

Hapo Bwana Giza aliinamisha kichwa. Majini yake yote, mizimu yake yote, sauti zake za bombani na wageni wake wa chini ya kitanda, wote alikuwa amewaunda ili watu wamwogope. Mtu mmoja tu ndiye aliyemwamini, na huyo ndiye pekee aliyetishwa naye kwelikweli.

"Nenda," alisema Mnong'onezi. "Una onyesho alasiri."

Alifika ukumbini akaenda moja kwa moja kwa seremala wa jukwaa.

"Toa kabati."

Msimamizi wa ukumbi akatokea, uso umemvimba. "Wewe kijana, una akili? Nusu ya watu wamekuja kwa ajili ya kabati."

"Watatazama ukuta."

"Watakuzomea."

"Wanizomee."

Na kweli walimzomea. Tamthilia ilifika pale, ikaruka, ikatua vibaya kama ndege mwenye bawa moja. Nyuma ya pazia mwenyewe alishika karatasi na tochi, akapiga magoti sakafuni kando ya kiti kitupu. Pete ilikuwa bado pale pale. Hakuona kama ana haki ya kuigusa, wala ya kukikalia kiti.

Mwigizaji akasahau tena. Bwana Giza akanong'ona, ukumbi mzima ukamsikia. Watu wakacheka.

"Sogea huko. Unapiga kelele kama mnadani."

Mnong'onezi alikuwa amesimama nyuma yake, mtandio begani. Alichukua karatasi, akazigeuza hadi pale palipokuwa na kabati. Akakuta pengo.

"Umelitoa."

"Hadithi ilikuwa yako."

Aliiokota pete kitini, akaitia mfukoni. Si kidoleni.

"Mama anasema uje umwombe radhi tena, na safari hii umtazame usoni," alisema akikaa. "Hii nitaivaa siku utakapotaka kuniandika, ukaniuliza, nikakataa, ukala chakula ukalala."

"Na leo?"

"Leo nimulikie."

Bwana Giza akanyanyua tochi juu ya karatasi za binti. Mwanga ukacheza huku na huku.

"Mkono unatetemeka," alinong'ona binti.

"Naona aibu."

"Ona. Lakini taa isitikisike, nasoma."