Koti la Lenzi

Soko la vitambaa lilikuwa limefurika asubuhi hiyo, wabeba marobota wakipigana vikumbo na wanunuzi, ndipo kijana mmoja mwenye shati la rangi ya tope akasimama mbele ya cherehani ya fundi. Alikuwa amekumbatia kitu kirefu kilichoviringwa kwenye taulo, utadhani mtoto mchanga.

"Nataka unishonee koti, dada."

Fundi hakuinua uso. "La nani?"

"La huyu."

Akafunua taulo. Ilikuwa kamera yenye lenzi ndefu kama mkono wa mtu toka kiwiko hadi vidoleni.

"Mtoto wako hana mikono," fundi akasema.

"Ana shingo tu, na shingo yenyewe ndiyo inayoniponza. Iking'aa juani, ndege wanaruka kabla sijapiga."

Dada mkubwa wa fundi, mwenye kibanda, akaiweka pasi pembeni ili acheke vizuri. "Watu wanatembea na viraka, lenzi inashonewa koti. Dunia ina mambo."

Lakini fundi alikwisha kuanza kazi. Alichukua kipande kimoja kimoja cha kitambaa, akakifikicha karibu na sikio lake. Kilichochakacha alikitupa. Mwisho akashika pazia kuukuu la rangi ya majani makavu, lililofuliwa mpaka likalainika.

"Hiki hakisemi," akasema.

Mpiga picha akamtazama. Katika pilikapilika zote zile, alikuwa amepata mtu mwenye subira ya kusikiliza kitambaa.

Ndivyo walivyoanza. Jumapili wakawa wanakwenda kwenye bwawa lililo nyuma ya kiwanda cha sabuni, wanajificha chini ya kibanda cha magunia, bega kwa bega. Fundi alijishonea gauni la kijani lisilo na kifungo hata kimoja cha kung'aa. Walimvizia mdiria, yule ndege mvuvi mwenye mgongo wa bluu, anayejitupa majini kama jiwe na kutoka na samaki mdomoni.

Siku za kazi walizungumza kwa simu.

"Mbona unanong'ona?" fundi angeuliza, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani.

"Nimekaa na mtu."

"Nani huyo?"

"Ana mgongo wa bluu, na mdomo mrefu kuliko wako."

"Msalimie. Mwambie nina wivu."

"Nimemwambia. Ameruka."

Fundi angecheka peke yake, na dada yake angemkata jicho. Dada alikuwa na lake moyoni. Mwenye duka la vitambaa la ng'ambo ya barabara alikuwa ameleta posa, na alitaka jibu kabla ya mwezi kwisha.

"Mdogo wangu, mwenye duka ametundika picha yako ukutani, ile ya siku alipofungua duka. Huyo wako anazo ngapi?"

Neno lile likamchoma fundi kama sindano iliyosahaulika kwenye pindo.

Jumapili iliyofuata, wakiwa chini ya magunia, aliichukua kamera akaanza kuzipitia picha. Mdiria. Yangeyange. Mdiria tena. Kunguru kwenye waya wa umeme. Hata jogoo wa jirani, kifua mbele, kama diwani. Yeye hakuwemo.

"Nipige na mimi," akasema.

Kijana akainua kamera, akazungusha lenzi, akazungusha tena, akaishusha. "Siku nyingine, mpenzi."

"Kwa nini si leo?"

Angeweza kumweleza. Lakini wakati huohuo mdiria alitua kwenye tawi, na kwa mazoea ya miaka mdomo wa kijana ukajifunga wenyewe. Akainua kidole: kimya. Fundi akakitazama kile kidole, akakusanya gauni lake, akaondoka. Mdiria naye akaruka.

Simu ikaita wiki nzima bila kupokelewa. Mwezi nao ulikuwa unakatika.

Asubuhi moja fundi aliporudi kutoka kununua nyuzi, akakuta taulo analolijua juu ya meza ya kukatia.

"Kaniachia mtoto wake," dada akasema. "Eti shingo ya koti imefumuka."

Fundi akaupitisha ukucha kwenye mshono. Uzi uliochoka huacha manyoya. Huu ulikuwa umekatwa safi.

"Haikufumuka. Imefumuliwa kwa wembe."

"Na mimi nimeona," dada akasema. "Nikanyamaza nisikie utasema nini."

Fundi alitaka kutabasamu, akajizuia. Akaivua lenzi koti, kisha akaiweka jichoni na kumwelekezea dada yake aliyekaa pale pembeni. Akaona ukungu. Akazungusha kama alivyokuwa akimwona kijana akifanya. Ukungu mtupu. Dada akasogea nyuma kidogo. Bado ukungu. Akaielekeza ng'ambo ya barabara, na mwenye duka akamjia wazi kabisa, hata unywele mmoja mmoja wa masharubu.

Akaketi. Lenzi ile haikuweza kumwona mtu wa karibu. Ili apigwe picha, mmoja wao angelazimika kuondoka chini ya magunia, na miezi yote ile hakuna aliyetaka kuondoka.

Akapiga simu.

"Uko wapi?"

"Kwa muuza magazeti, kando ya duka la vitambaa." Sauti ilikuwa ileile ya bwawani, ya chini. "Niko hapa toka asubuhi."

"Unavizia nini?"

"Wewe unajua."

Fundi akainua lenzi, akamtafuta, akampata. Hakuwa amenyoa. Kola ya shati ilikuwa imekaa upande.

"Usisogee," akasema, akapiga. "Mwenzio keshakupata. Na bado hujanijibu, kwa nini hukunipiga?"

"Ingenibidi nikae mbali nawe. Nikashindwa. Ilinipasa kusema, nisamehe. Nataka kuwaleta wazee kwenu. Nije?"

"Ukija karibu sitakuona na hii."

"Basi iweke chini."

Akaiweka, akaivika koti lake na mshono wake uliokatwa, akamtazama kwa macho matupu akivuka barabara kati ya wabeba marobota, shati la tope likizidi kukua. Halafu akamgeukia dada yake.

"Dada, anataka kuleta wazee."

Dada akainua pasi, akaijaribu kwa kidole kilicholowa mate. "Mwenye duka nitamwambia mwenyewe leo," akasema. "Huyu waje wazee wake. Ila wembe auache hukohuko."