Kamera Ilipopiga Magoti

Mlango wa lifti ya kituo cha televisheni ulifunguka, watu wakamiminika kama maji ya bomba lililopasuka. Katika msukumano huo, mguu wa stendi ya kamera ulinasa mtandio wa njano wa dada mmoja, ukamvuta nyuma.

"Kaka, unavua samaki au unakwenda kazini?"

"Samahani, dada. Ila kama ndoana yangu inanasa hivi, kesho nakuja na nyavu."

Dada alicheka bila kutaka. Alikuwa mhariri mpya wa tamthilia ya kituo hicho, kazi yake kukata na kuunga picha katika chumba kisicho na dirisha. Kijana, mwenye fulana nyeusi na mikono iliyokakamaa kwa kubeba vyuma, ndiye aliyezipiga picha hizo. Haukupita muda wakawa wanaitana "roho yangu", na mama yake mhariri kila akimpigia simu akawa anauliza, "Huyo mkwe ananificha uso mpaka lini?"

Shaka iliingia kazini, mchana kweupe. Tamthilia ilihusu tajiri na mkewe, na mhariri alishazoea mtindo wake: mume hupigwa picha kutoka chini, akaonekana mrefu kama mnara, mke hupigwa kutoka juu, akaonekana kama kifaranga aliyenyeshewa. Lakini siku hiyo, mume akiwa anafoka, kamera ilimwacha, ikamwendea mke polepole. Ikagusa midomo. Ikateremka shingoni, ikakawia mabegani kwenye gauni jekundu la hariri, kama mkono usiotaka kuondoka.

Mhariri alirudisha nyuma, akatazama tena.

"Jicho halikawii hivi bure," alijisemea. Na jicho lile alilijua. Ndilo lililokuwa likimtazama yeye.

Akapiga simu.

"Roho yangu, uko wapi?"

"Kazini, mpenzi. Tunapanga taa."

Sauti ya kike ikadakia nyuma yake: "Usiondoke bwana, bado nakuhitaji!"

"Nani huyo?"

"Mwigizaji. Nitakupigia."

Simu ikakatika.

Tangu hapo kila kitu kikawa ushahidi. Akichelewa kujibu, ana mtu. Akijibu upesi, anaficha mtu. Akivaa shati jipya, kamvalia nani? Hata alipomwita "mpenzi", mhariri alijiuliza neno hilo limepitia wapi kabla ya kumfikia yeye.

Mwishowe akavaa raba zisizotoa mlio, akaenda ukumbi wa kurekodia bila taarifa. Akasukuma mlango. Alichokiona kilimkata maini: mpenzi wake amepiga magoti mbele ya yule mwigizaji wa gauni jekundu.

"Kumbe!"

Watu wote wakageuka. Ndipo alipoiona kamera, chini karibu na sakafu, na mwongozaji kando yake, mishipa ya shingo imemtoka.

"Afadhali umekuja," mwongozaji alifoka. "Mwambie mchumba wako ainuke! Leo mke anamfukuza mume, na huyu anataka kumpiga kutoka chini. Mwanamke amzidi mumewe kimo? Watazamaji watatucheka!"

"Mzee, anayefukuza ndiye mwenye nguvu," kijana alijibu bila kuinuka. "Nikimpiga kutoka juu, nimedanganya."

Mwigizaji akamsogelea mhariri. "Mimi ndiye niliyemwomba, dada. Siku ile ulipopiga simu nilikuwa namsihi asiondoke mpaka tuongee na mzee. Nimechoka kuwa shingo na mabega."

"Haya, piga zote mbili!" mwongozaji akakata shauri. "Ya kwenda hewani nitachagua mwenyewe."

Mhariri alimvuta kijana pembeni. "Na ile picha ya shingo, aliipiga jini?"

Kijana aliinamisha kichwa. "Niliipiga mimi. Niliambiwa teremsha, nikateremsha. Sikuuliza."

"Uliipenda?"

Alikung'uta vumbi magotini kwanza. "Niliizoea. Nadhani hilo ni baya zaidi."

Jibu lilimchoma mhariri. Lakini mwongo angesema hapana, tena haraka.

Mwongozaji alichagua ile ya kutoka juu. Mhariri akaunga ile ya kutoka chini, akaituma ikaenda hewani hivyohivyo: mke amesimama mlangoni, amejaa skrini nzima, na mume anabeba sanduku lake. Mhariri akapewa onyo kali. Kijana akaondolewa kwenye tamthilia, akapelekwa kupiga picha za mikutano.

Siku aliyohamishwa alimsubiri mhariri nje ya kituo, shati limepigwa pasi.

"Sina cha kujivunia leo," alisema. "Lakini nataka kukuoa."

Mhariri alimtazama usoni, kwa muda mrefu, kama anayetafuta mahali pa kukata. Hakupaona.

"Jumapili tunakwenda kwa mama."

"Kwa hiyo unaniamini, roho yangu?"

"Mapenzi yameshafika," alisema. "Imani inakuja kwa miguu. Uisubiri."

Akampa mkono. Kijana aliushika, wakavuka barabara.