Kilichomwagika Chumba cha Chini

Kila alasiri, shule ikishafungwa, Chiriku alikuwa akipitia lango la chuo kikuu, anamsalimia mlinzi, kisha anateremka ngazi hadi chumba cha chini alikofanya kazi mama yake. Chiriku halikuwa jina lake hasa. Alipewa na wenzake darasani kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Hata mlinzi alizoea kumtania, "Leo umetuletea habari gani, redio yetu?"

Chumba kile kilikuwa na baridi ya kutoboa mifupa, maana mashine za mtandao hazipendi joto. Zilinguruma mchana kutwa ndani ya makabati marefu, nyaya zake zimefungwa mafungu mafungu. Mama alikaa mbele ya skrini mbili akiwa na sweta zito, akikohoa. Kazi yake ilikuwa kuulinda mtandao wa chuo dhidi ya wezi na virusi.

Hakuanzia huko. Alikuwa mwanakemia, mtafiti wa dawa katika maabara ya ghorofa ya juu. Siku moja mwenzake alimwaga kimiminika chenye sumu, akaogopa kugombezwa, akapangusa juujuu na kwenda zake. Asubuhi Mama aliingia, akafunga madirisha kwa sababu ya mvua, akavuta mvuke ule mpaka akaanguka. Mapafu yake hayakupona sawasawa, na daktari akampiga marufuku kukaribia kemikali. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiitengeneza kompyuta ya maabara kila ilipogoma, chuo kilimhamishia kwenye kompyuta. Alianza kwa kuvuta nyaya, akasoma upya pamoja na vijana wa kuwazaa, mpaka akawa mkuu wa ulinzi wa mtandao.

Lakini alishuka na sheria moja ya maabara. Yeyote aliyekosea, akafungua barua pepe mbovu au akafuta kisichofutwa, alipaswa kusema papo hapo kwa sauti, "Nimemwaga!" Wengine waliacha shughuli zao wakaja kusaidia. Hakuna aliyecheka wala aliyegombezwa. Aliyeficha ndiye aliyekuwa na kesi. Fundi mitambo, kijana mcheshi aliyefanya kazi na Mama, alikuwa ameshasema neno hilo mara nyingi hata akatania kwamba bora aandikiwe mgongoni.

Alasiri moja Mama aliitwa kikaoni, na fundi akawa anatoka kwenda kubadilisha waya maktaba.

"Bosi mdogo, nakuachia ofisi," alimwambia Chiriku. "Fanya hesabu zako, usiguse kitu."

"Sawa, mjomba."

Chiriku alikuwa na flashi yenye mchezo wa magari aliyopewa na rafiki yake. Kompyuta ya fundi ilikuwa imeachwa wazi. Akajiambia, mara moja tu, nani atajua? Akaichomeka. Skrini ikawa nyeusi, maandishi yakapita mbio, kisha kila kitu kikarudi kilivyokuwa. Mchezo wenyewe haukufunguka. Akaichomoa upesi na kuitumbukiza kwenye mkoba. Mama aliporudi na kumuuliza mbona kimya, alijibu kwamba kichwa kinamuuma.

Kesho yake maabara za kemia zilishindwa kufungua mafaili yao. Kirusi kilikuwa kimeanza kuyatafuna, na kila Mama alipokisafisha huku, kilizuka kule. Uchunguzi ukaonyesha kwamba kiliingia kupitia kompyuta ya fundi. Fundi akaapa kwamba hajui lolote. Chuo kikamsimamisha kazi, na Mama hakumtetea.

Chiriku alijitia hamnazo. Alijidanganya kwamba wakubwa watayamaliza wenyewe. Lakini darasani hakuwa na la kusema, na kila Mama alipokohoa alishtuka.

Jumamosi fundi alibisha hodi nyumbani kwao. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni.

"Dada, nimekuja kwako kwa sababu huko juu hawanisikilizi," alisema akiwa bado mlangoni. "Jumatatu wananifukuza. Wewe unanijua. Lini mimi nilimwaga nikanyamaza?"

"Mashine yako ndiyo iliyoingiza kirusi," Mama alijibu. "Mtu aliyeficha ndiye aliyeniharibia mapafu. Mtu wa namna hiyo siwezi kukaa naye chumba kimoja. Nenda, mdogo wangu."

Fundi aligeuka, na Chiriku, aliyekuwa nyuma ya pazia, akaona mabega yake yanatetemeka. Hakuwahi kumwona mtu mzima akilia. Akatoka mbio.

"Nimemwaga!" alipiga kelele. "Mama, si yeye, ni mimi. Nimemwaga!"

Mama alimgeukia. "Umemwaga nini?"

Chiriku alieleza yote, akaenda kuileta flashi. Hakupigwa wala hakutukanwa, na hilo lilimuumiza zaidi. Mama alimwendea fundi, akamshika mikono yote miwili.

"Nisamehe. Nilikuhukumu kwa hasira za zamani."

"Na mimi niliacha kompyuta wazi, dada," fundi akasema, akijifuta macho. "Hilo ni langu."

Walikwenda chuoni mchana uleule. Kwa kuwa sasa walikuwa na kirusi chenyewe mkononi, walikichunguza kwenye kompyuta iliyotengwa, wakajua kinavyojificha. Kesho yake mtandao ulikuwa safi, na fundi akarudishiwa kazi yake.

Mama hakuishia hapo. Jumatatu alimpeleka Chiriku kwenye maabara ya ghorofa ya juu. Yeye mwenyewe alibaki koridoni, kitambaa mdomoni. Ndani alikuwamo mtafiti mwenye mvi. Matokeo ya majaribio yake ya miaka mingi, ya dawa ya kifua, yalikuwa yameliwa yote, kwa maana hata nakala za akiba aliziweka kwenye mtandao huohuo.

"Shikamoo, bibi. Mimi ndiye niliyeleta kirusi. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Nimekusamehe, mjukuu wangu, lakini kazi yangu hairudi. Ungesema alasiri ile, mama yako angechomoa waya mmoja tu, yakaisha."

Mtafiti akavaa glavu, akaanza kupanga chupa tupu mezani.

Koridoni Chiriku alilia kwa kwikwi. Mama hakumbembeleza. Alimngoja amalize.

"Watu husema maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Ni kweli. Lakini sakafu hupanguswa mapema ili mwingine asiteleze. Kukosea tunakosea sote, hata mimi nimemkosea fundi. Ubaya uko katika siku ulizonyamaza, maana kila siku ilikula kitu cha mtu. Kosa liseme likiwa bado dogo, hata kama sauti inatetemeka."

"Nimeelewa, Mama. Sasa nifanye nini?"

"Kamuulize kama anahitaji mtu wa kubandika lebo kwenye chupa zake. Mimi mlango huu siwezi tena kuupita. Wewe unaweza."

Chiriku akafuta machozi, akagonga.