Nyota Tatu na Robo Tatu

Saa tisa na dakika kumi mchana, Jumapili ya mwisho ya Agosti, Vicky Karras alifungua sanduku la mkanda wa ubingwa katika chumba cha kubadilishia nguo cha klabu ya wastaafu wa kiwanda cha chuma, Port Kembla, akakuta kitambaa cha kukaushia vyombo na hewa tupu. Alikikung'uta kitambaa kana kwamba mkanda wa kilo tatu ungeweza kujificha kwenye mkunjo. Kisha akakaa kwenye benchi na kutamka neno la Kigiriki ambalo mama yake angemchapa kwa ajili yake.

Mkanda ule haukuwa kitu cha kuchezea. Baba yake marehemu aliutengeneza kwa mikono yake kwa bamba la chuma cha hapo hapo kiwandani, mwaka alioanzisha onyesho lao la mieleka. Saa kumi kamili, katika pambano la mwisho, Merv Haddow, bingwa kwa miaka kumi na mmoja, alipangiwa kuupoteza na kustaafu. Katika mieleka yao matokeo hupangwa mapema, maumivu tu ndiyo hayapangwi. Lakini ubingwa haubadilishi mikono mkanda usipokuwepo mbele ya watazamaji, na sharti hilo hakuna aliyewahi kulivunja. Vicky aliapa kwamba mkanda usipoonekana kufikia saa kumi, anawaita polisi na kuifunga kampuni ya baba yake siku hiyo hiyo. Hakuwa akitania hata kidogo.

Kabla ya polisi, alimwita Noelene Craddock.

Noelene alikuwa kiti cha saba, mstari wa mbele, mahali anapokaa kila mwisho wa mwezi kwa mwaka wa tisa sasa. Ana miaka sitini na mitatu. Thelathini kati ya hiyo aliimalizia kwenye mizani ya malori bandarini, na dereva aliyezidisha mzigo alikuwa akisomwa usoni kabla gurudumu halijakanyaga mizani. Alipostaafu alilihamishia jicho hilo kwenye mieleka. Kila pambano huliandika kwenye daftari, lini limeanza na lini limekwisha, na Jumatatu asubuhi huligawia nyota mtandaoni, kuanzia sifuri hadi tano, kwa robo robo. Wasomaji wake hawafiki mia nne, ila wanamieleka wote wamo. Watu wanaovunjiwa viti mgongoni bila kutoa chozi wamewahi kulia kwa robo nyota ya Noelene.

Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuandika: "Pambano la tatu. Semisi Vaipulu na Kaa Mwekundu. Saa nane na dakika hamsini na mbili hadi saa tisa na nne. Kaa amebadilika. Kabali zote upande wa kushoto, hatimaye. Hakupanda kamba kurukaruka ovyo. Ametulia, kila pigo lina sababu. Nyota tatu na robo tatu."

Alilisoma mara mbili kwa kuridhika. Kaa Mwekundu, ambaye huvaa kinyago na vazi jekundu la kumfunika hadi vidoleni, alikuwa akikatwa robo nyota kila mwezi kwa ubishi wa kukamata upande wa kulia, na leo alikuwa amesikia ushauri. Ilikuwepo pia harufu ya kafuri iliyovuma kutoka ulingoni, lakini hiyo Noelene hakuiandika, maana harufu haina nyota.

Na bahati haikuishia hapo. Saa tisa na dakika tano, mapumziko yalipoanza, Ljubica wa jikoni alisoma namba ya bahati nasibu ya nyama, ikawa ya Noelene. Kwa kawaida bahati nasibu huchezeshwa mwisho wa onyesho, ila siku hiyo Vicky aliisogeza mbele asubuhi ile ile ili mwisho uwe wa Merv peke yake. Noelene akakabidhiwa sanduku la povu lililofungwa kwa utepe, limeandikwa juu: chopsi za kondoo, kilo nne. Mkono wake ulimwambia saba. Akamshukuru mwenye bucha kimoyomoyo, akaja nalo hadi chumba cha nyuma, kwa sababu mtu mwenye akili haachi nyama kwenye kiti.

Mlangoni alikutana na Damjan Petkovski, fundi bomba siku za kazi na Kaa Mwekundu siku za mieleka, nywele kavu, uso umempauka.

"Nikubebee hiyo, Noelene?" akauliza.

"Mimi si mgonjwa," Noelene akasema, akapita.

Vicky alimweleza yote kwa mpangilio. Hadi saa nane na dakika hamsini na mbili, pambano la tatu linaanza, alikuwa chumbani akiufuta mkanda. Akatoka kwenda kutazama nyuma ya pazia pamoja na wanamieleka wanne wa mapambano mawili ya kwanza, na hakuna kati yao aliyebanduka. Saa tisa na dakika nne alirudi na hakuondoka tena, sanduku likiwa mbele yake. Mlango wa nje ni mmoja, na mbele yake wanachoma soseji za kuuza. Wachomaji hawakumwona mtu akitoka.

"Basi mkanda umechukuliwa ndani ya zile dakika kumi na mbili, na haujatoka humu," Noelene akasema. "Semisi na Damjan walikuwa ulingoni, watu mia na themanini ni mashahidi, na mimi ninayo kwa maandishi. Nani alibaki nyuma?"

"Ljubica jikoni," Vicky akasema. "Na Merv."

Walianza na begi la Semisi hata hivyo, kwa sababu lingemeza ng'ombe na yeye ndiye aliyepangiwa kuupata huo mkanda. Semisi, Mtonga wa visiwani mwenye kilo mia na arobaini na sauti ya mwalimu wa chekechea, alilimwaga lote sakafuni bila kuombwa: bandeji, viatu, ndizi sita, picha ya mama yake. Mkanda haukuwemo.

"Anti Noelene, nikupokee hiyo nyama," akasema. "Nzito hiyo."

"Nimeshaambiwa. Sina haja."

Jikoni, Ljubica alikuwa akimenya viazi na hakuona sababu ya kuacha. Alisema kwamba wakati pambano la tatu likiendelea, Merv aliingia na joho lake la ubingwa, kofia imeshuka hadi puani, akafungua friji kubwa ya nyama, akainama humo kitambo, akatoka.

"Alisema anataka nini?" Noelene akauliza.

"Hakusema kitu. Nikadhani barafu ya goti. Hata kunisalimia hakunisalimia, mzee yule, na mimi ndiye ninayemwekea supu kila mwezi."

"Hakukuelezea habari za goti?"

"Neno moja hakusema."

Noelene aliandika hilo na kulipigia mstari. Vicky hakungoja mstari ukauke. Alikuwa ameshafika kwa Merv, ambaye alikaa kwenye benchi la kona na joho lake, goti limefungwa, jasho linamtoka.

"Ulikuwa jikoni wakati wa pambano la tatu?"

"Nilikuwa," Merv akasema, macho sakafuni. "Nilifuata barafu."

"Barafu yenyewe iko wapi?"

"Imeyeyuka."

Nje ilikuwa siku ya watu kuvaa makoti mawili. Vicky alimtazama mzee aliyemjua tangu akiwa na meno ya utoto, akasema kwamba baba yake alimchukulia Merv kama mdogo wake wa damu, na kwamba kama hakutaka kuuachia mkanda angesema tu. Akaitoa simu. Ilikuwa saa tisa na dakika thelathini na nane.

"Iweke hiyo simu," Noelene akasema.

Alikuwa amekaa juu ya lile sanduku la nyama, daftari mapajani. Lilikuwa likimsumbua jambo moja. Merv Haddow ameshalielezea lile goti kwa kila kiumbe cha Port Kembla, pamoja na mleta barua na mbwa wa mleta barua. Haiwezekani aingie jikoni kwa Ljubica, friji wazi, hadhira imekaa, asilitaje. Basi aliyekuwa ndani ya joho hakuwa Merv. Na kama hakuwa Merv, kwa nini Merv alikubali kwamba ndiye? Na alikuwa wapi? Alirudi nyuma ukurasa mmoja, akasoma kwa mara ya tatu mistari aliyokuwa ameifurahia sana, na safari hii hakufurahi hata kidogo. Aliona aibu ikimpanda hadi masikioni.

"Damjan," akasema. "Njoo unikabe."

"Nini?"

"Kabali. Nikamate shingo. Haraka, sina siku nzima."

Damjan alimtazama Vicky, akamtazama Merv, hakupata msaada kokote. Akamsogelea bibi yule wa miaka sitini na mitatu na kumbana shingo kwa adabu zote chini ya kwapa lake la kulia.

"Usiniachie," Noelene akasema, kichwa kikiwa kwapani. "Vicky, ni upande gani huu?"

"Kulia."

"Kulia. Watu wote mliofundishwa huku mnakamata kushoto, mkono kushoto, shingo kushoto, ili wawili wasiojuana wasipasuane vichwa. Huyu alifundishwa Mexico, na kule hukamata kulia. Nimemkata robo kwa miaka mitano na hajabadilika, na hata sasa hajabadilika. Niachie, Damjan, nguo yako inataka kufuliwa." Alijinyoosha na kutengeneza nywele. "Lakini Kaa Mwekundu wa leo alikamata kushoto mwanzo hadi mwisho. Mimi nikajiona mwalimu. Nikaandika kwamba amenisikia. Na hakupanda kamba, nikaandika kwamba amepata akili. Hakupata akili, alikosa goti la kupandia. Leta kinyago."

Kinyago kilikuwa kimetundikwa msumarini, bado kimelowa jasho. Nywele za Damjan zilikuwa kavu tangu saa tisa. Vicky alikinusa na kukisogeza mbali na pua.

"Kafuri," akasema. "Dawa ya kuchua ya Merv."

Semisi ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alisema yeye alijua, angekosaje kujua, mtu humjua anayemkaba. Anko Merv alimfundisha kuanguka akiwa na miaka kumi na mitano, na kupewa mkanda huku mzee anatolewa kama kabati bovu yeye hakukutaka. Merv na Damjan walibadilishana nguo chooni, kabla ya pambano na baada.

"Kutolewa na nani?" Vicky akauliza.

Merv alivua kofia ya joho. Uso wake ulikuwa bado na alama nyekundu za mishono ya kinyago.

"Na yeye," akasema, akamwonyesha Noelene kwa kidevu. "Miaka miwili sasa. Nyota moja. Nyota moja na robo. Nyota moja. Wewe mwenyewe, Vicky, ulinisomea kwenye simu yako ukasema imetosha. Nikasema sawa. Lakini nikawa naamka usiku najiuliza, anapima pambano au anapima umri wangu? Nikataka anipime mara moja bila kujua ni mimi. Anatoa nyota Jumatatu. Mkanda ukipotea leo, tungeahirisha mwezi mmoja, na Jumatatu ningekuwa nimejua. Ningeurudisha, Vicky. Naapa kwa baba yako."

Vicky aliketi. Alikuwa analia na kukasirika kwa pamoja, na alimwambia hivyo waziwazi. Kisha akauliza ulipo.

Damjan alitazama dari. Semisi alitazama ndizi zake.

"Mimi nilidhani bahati nasibu ni mwisho wa onyesho," Damjan akasema. "Kama kila mwezi. Nilipanga kuutoa frijini baadaye."

Noelene alishuka taratibu kutoka kwenye sanduku lake. Aliutia mkono mmoja chini yake, akalinyanyua kidogo, akalirudisha.

"Kilo saba," akasema. "Miaka thelathini kwenye mizani, na nikasema bucha mkarimu."

Mkanda ulikuwa chini kabisa, umefungwa kwenye mfuko wa plastiki, chopsi kumi na nane juu yake. Vicky aliutoa na kuukumbatia hivyo hivyo na ubaridi wake.

"Noelene," Merv akasema. Sauti ilikuwa ndogo kuliko mwili. "Ulimpa ngapi? Yule Kaa?"

Noelene alimpa daftari. Merv alisoma kwa kidole, polepole, hadi mwisho, akarudia mwisho. Kisha akauliza kama sasa ataifuta.

"Sijawahi kufuta nyota." Noelene alichukua kalamu, akakata jina la Kaa Mwekundu, juu yake akaandika Merv Haddow. Zile nyota hakuzigusa.

Merv alivuta pumzi na kufuta pua kwa mkono wa joho. Akamgeukia Semisi akamwambia avae viatu, saa kumi imekaribia, na asithubutu kumwangusha kwa huruma kama mtoto wa kanisani.

Pambano la mwisho lilikuwa baya. Goti lilikuwa limekwisha tangu saa tisa, Merv alijikwaa kwenye kamba mara mbili, na ngumi moja ilipita mbali na Semisi kiasi kwamba mwamuzi ndiye aliyeinama. Watu mia na themanini walisimama wakaimba jina lake hata hivyo. Aliupokea mkanda kutoka kwa Vicky, akamfunga Semisi kiunoni kwa mikono yake, ukiwa na harufu kidogo ya kondoo.

Baadaye Noelene alipita chumba cha nyuma kuchukua nyama yake. Merv alikuwa akifungua bandeji.

"Na hili?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Nyota moja na robo."

Merv aliacha bandeji. Alianza kucheka kidogo, kisha sana, mpaka Damjan akaja kuchungulia kuna nini.

"Basi ile nyingine ni ya kweli," akasema.